"Huyu binti kaulizwa?" Kisa cha sanamu ya Minnehaha na uchumba wa kweli wa Wadakota na Walakota

Mwaka juzi binamu yangu alioa hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na baada ya nikahi msafara mzima ukahamia bustani ya Minnehaha kupiga picha. Watu wa huku wanaijua, unashuka treni ya Blue Line kituo cha 50th Street, unatembea dakika chache unaanza kusikia maji, na Jumamosi ya joto ukipita pale utasikia Kiswahili, Kisomali, kila lugha, na moshi wa nyama umetanda utadhani uko Forodhani. Maporomoko yenyewe yana kama mita 16 hivi, si Victoria, ila mazuri. Sasa juu kidogo ya maporomoko, kwenye kijisiwa katikati ya mto, kuna sanamu ya shaba, mwanamume kambeba msichana mikononi anamvusha maji. Mpiga picha wetu alipoiona akili ikamcheza, akamwambia bwana harusi na wewe mbebe hivyohivyo, simama hapa, sanamu itokee nyuma.

Bwana harusi wetu ni mwembamba. Bibi harusi, mashallah. Jaribio la kwanza viatu vikateleza kwenye nyasi, la pili shela ikanasa kwenye saa, la tatu bibi harusi akasema niteremshe, niteremshe, tutapiga tumesimama. Watu hoi kwa kicheko. Mama mdogo wangu, aliyekuja kutoka Tanga kwa ajili ya harusi tu, yeye wala hakuwa anawaangalia maharusi, alikuwa anaikodolea macho ile sanamu, kakunja mikono, halafu akauliza kama vile anauliza bei ya samaki: "Na huyu binti kaulizwa?"

Tukacheka tukasahau. Mimi sikusahau. Nimekaa na hilo swali miezi na miezi, nimesoma ninavyoweza kusoma, na leo nataka niliweke hapa lote, maana kile kijisanamu kina mambo mengi ndani yake kuliko unavyodhani ukiwa unapita na kopo la soda.

Tuanze na waliobebana. Yule ni Hiawatha na huyu ni Minnehaha, wahusika wa shairi refu la Henry Wadsworth Longfellow lililotoka 1855, likapendwa vibaya mno Marekani na Ulaya. Aliyeichonga ni Jakob Fjelde, Mnorwe aliyehamia hapa Minneapolis. Aliitengeneza kwanza kwa plasta, ikaonyeshwa kwenye yale maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago 1893, kisha Fjelde akafariki 1896 bila kuiona ikiwa shaba. Watoto wa shule wakachangishana senti senti, na mwaka 1912 ikasimikwa hapo ilipo.

Ndani ya shairi ndo kuna mchanganyiko wa kichwa kuuma. Hiawatha wa kweli ni mtu wa historia wa watu wa Haudenosaunee, wale ambao wengi wanawaita Iroquois, huko mashariki upande wa New York, ni katika waasisi wa umoja wao, hana uhusiano wowote na Minnesota. Vituko anavyofanya kwenye shairi vimechukuliwa kwenye hadithi za Waojibwe kuhusu Nanabozho, mjanja wao, sisi tungesema sungura wao kwa vituko. Halafu mke anayemuoa ni Mdakota. Yaani jina la kabila moja, hadithi za kabila la pili, mke wa kabila la tatu, na hao wa pili na wa tatu walikuwa na uhasama wa miaka mingi. Ni kama mtu aandike utenzi shujaa anaitwa Mkwawa, anafanya vituko vya Abunuwasi, anaoa Mmasai, auite hadithi ya Waafrika. Na Longfellow hakuwahi kufika kwenye haya maporomoko, aliletewa picha yake tu.

Jina lenyewe alitafsiri kuwa Maji Yanayocheka. Kwa Kidakota mni ni maji, na haha ni maporomoko, ile h ya kukwaruza kooni kama kh ya kheri. Minnehaha ni maporomoko ya maji, basi. Sasa wazungu waliposikia haha wakasikia kicheko. Na leo bustani inaitwa Maporomoko ya Minnehaha, yaani Maporomoko ya Maporomoko, na hakuna anayecheka isipokuwa Wadakota wenyewe nadhani.

Kwa wasiowajua: shuleni tulifundishwa neno Wahindi Wekundu, mi nalitaja hapa mara moja halafu naliacha. Hawa wanajiita Oceti Sakowin, Mioto Saba ya Baraza, na ndani yake wapo Wadakota upande wa mashariki, huku Minnesota, na Walakota upande wa magharibi, mbugani, Dakota Kusini na Kaskazini ya leo. Ni ndugu, lugha moja, tofauti ni lafudhi, rafiki huyu anasema koda yule anasema kola. Mambo ya uchumba yanafanana sana kati yao na mengi yaliyoandikwa vizuri yameandikwa kuhusu Walakota, kwa hiyo nitakuwa naruka huku na kule, mnivumilie.

Na nisimwonee Longfellow, kwenye shairi binti aliulizwa. Hiawatha anakuja na kulungu aliyemuwinda, anamtua miguuni mwa binti na baba yake, mzee fundi wa mishale, anaomba. Mzee anajibu sawa, kama Minnehaha mwenyewe anataka, na Minnehaha anasema atamfuata. Kwa hiyo Mama mdogo jibu lako lipo, kaulizwa. Shida ni kwamba Fjelde katika shairi zima alichagua kuchonga pale ambapo maneno yameshakwisha, pale binti anapobebwa kuvushwa mito safarini. Swali na jibu vikabaki nje ya shaba. Anayepita leo haoni binti aliyekubali, anaona binti aliyechukuliwa.

Sasa wenyewe walikuwa wanafanyaje?

Hapa ndipo nilipopotelea, maana ni kuzuri. Msichana wa Kilakota akishavunja ungo anachezwa ngoma yake, anafundwa, na kuanzia hapo hatoki nje wala haendi mtoni bila bibi, mama au shangazi kuwa karibu. Kijana hawezi kwenda kwao kubisha hodi akae apige stori. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kumpata ni njia ya maji. Asubuhi au jioni mabinti wanaenda kuchota maji, vijana wamejipanga njiani wamejipaka, wamejipamba, wanajifanya wanaangalia farasi. (Mtu yeyote aliyekulia kijijini penye bomba moja anaielewa hii sosholojia bila kufundishwa.) Neno moja, jicho moja, imetosha kwa siku hiyo.

Mahali pa pili ndo penye blanketi. Jioni binti anasimama nje ya tipi, lile hema la ngozi, kijana anakuja kajifunika blanketi lake mpaka usoni, anamsogelea, analifungua anamkumbatia nalo, wanabaki wawili wamesimama ndani ya blanketi moja limewafunika mpaka vichwa, wananong'ona. Basi. Hapo hapo mbele ya hema la kwao, mbele ya bibi anayejifanya anashona, mbele ya kijiji kizima. Na wanaopita wana adabu ya kutowaona. Yaani faragha inatengenezwa na nguo na heshima ya majirani, maana kuta hakuna. Na kama binti anapendwa, vijana wengine wanasubiri zamu, na wao na mablanketi yao. Foleni kabisa! Huyu akimaliza anakuja mwingine, binti anawasikiliza, anapima. Asiyemtaka anajichomoa anarudi ndani, na kijana anabaki na blanketi lake mbele ya kadamnasi.

Hilo blanketi lenyewe si la kulalia. Zamani lilikuwa ngozi ya baisani, nyati wa kule, na ngozi ya baisani ni nzito kiasi kwamba mwanamke aliyekuwa anaikwangua aliikata vipande viwili kwenye uti wa mgongo, akalainisha nusu nusu, kisha akaziunga. Ule mshono ukafichwa kwa mkanda mrefu wa miiba ya nungunungu iliyopakwa rangi, baadaye shanga, wenye miduara mikubwa kama minne hivi imepangwa kwa nafasi. Baisani walipoisha na sufu za dukani zilipoingia, blanketi la bluu iliyoiva au jekundu, mshono haukuwepo tena lakini mkanda ukabaki, unashonwa juu ya sufu nzima isiyo na mshono wowote. Nimeuona mmoja makumbusho, nimesimama mbele ya kioo nikauangalia mpaka mlinzi akaanza kuniangalia mimi. Shanga ndogo kama mbegu za ufuta, safu kwa safu, na kijana hajaushona yeye, kashonewa na dada yake au mama yake. Kwa hiyo kijana akimfunika binti na lile blanketi anamfunika na kazi ya mikono ya wanawake wa kwao, na binti, ambaye naye ni fundi wa shanga, ana macho, anaona anaingia kwenye ukoo wa wanawake wa aina gani. Sisi wa kanga tunajua nguo inavyoongea.

Halafu filimbi. Kwa Kilakota siyotanka. Ya mti wa mwerezi, unapasuliwa katikati, unachimbwa ndani, unagandishwa tena na kufungwa kwa kamba za ngozi, na juu pana kijikipande cha mbao kinachofungwa kuelekeza pumzi kwenye tundu. Kijana anakaa gizani kwenye kilima anapiga, na binti ndani ya hema anajua huyo ni nani, kila mtu na wimbo wake. Kuna aina nzima ya nyimbo hizo za mapenzi, wioste olowan. Masimulizi yao yanasema kijana mmoja alipotea porini akimfuata elki, yule kulungu mkubwa wa kule, usiku akasikia sauti inalia kwenye upepo, asubuhi akamkuta kigong'ota anatoboa matundu kwenye tawi kavu lenye uwazi ndani, upepo ukipita tawi linaimba. Akaenda nalo. Na ndo maana filimbi nyingi mwisho wake zimechongwa kichwa cha ndege, mdomo wazi, sauti inatokea pale kwenye mdomo.

Nawaomba mkishike hicho kichwa cha ndege, nitakirudia.

Elki naye ana nafasi yake, dume la elki likilia majike yanakuja, kwa hiyo mwanamume aliyemuota elki alihesabiwa kuwa na nguvu za kuvuta wanawake, na vijana wenye shida zao walimfuata awasaidie. Vioo pia, unammulikia binti mwanga wa jua kutoka mbali. Meno mawili ya elki, ana mawili tu ya aina hiyo, yalishonwa kwenye magauni ya wanawake, hivyo gauni lenye meno mia ni elki hamsini, hesabu wewe mwenyewe utajiri huo. Ila tuendelee.

Mwisho wa siku ni farasi. Ella Deloria, msomi wa Kidakota aliyefanya kazi na mwanaanthropolojia Franz Boas na aliyeijua hii jamii kwa sababu ni kwao, alieleza njia tatu za kuoana: kutolewa mahari hadharani, ambayo ndo ilikuwa ya heshima kubwa kuliko zote, kukubaliana familia kwa familia bila mbwembwe, na kutoroshana. Mgeni aliona farasi wamefungwa nje ya hema akasema ananunuliwa kama ng'ombe. Deloria akasema sivyo, ile ilikuwa heshima anayovalishwa binti, na upande wa kike nao walirudisha zawadi, na hema watakaloishi wawili hao ni mali ya mwanamke, wakigombana mwenye kutoka nje ni mwanamume. Sasa sikieni hii. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kile ilichoita makosa ya Wahindi, na humo pamoja na kupiga marufuku Ngoma ya Jua, ibada yao kubwa, na kuoa wake wengi, iliandikwa kwamba mtu akitoa au akiahidi kutoa fedha au kitu cha thamani kwa ndugu wa msichana ili aishi naye, ni kosa, na adhabu yake kunyimwa posho. Posho ya chakula, kwa watu ambao baisani wao wameshamalizwa na ardhi imeshachukuliwa! Mahari ikawa kesi. Mimi niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikaenda kutembea.

Rudini kwenye sanamu sasa muangalie tarehe. Mwaka 1862 kulikuwa na vita hapa Minnesota kati ya Wadakota na Wamarekani, chanzo njaa na malipo ya mkataba yaliyochelewa. Desemba 26 mwaka huo Wadakota 38 walinyongwa pamoja, mji wa Mankato. Watu kama 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walifungiwa majira ya baridi kwenye kambi chini ya Fort Snelling, na Fort Snelling kutoka maporomoko ya Minnehaha ni kilomita chache tu, ni vituo vya treni ile ile ya Blue Line. Mwaka 1863 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwaondoa Wadakota Minnesota. Tarehe 29 Desemba 1890 huko Wounded Knee jeshi likaua Walakota zaidi ya 250. Halafu 1893 plasta ya Fjelde inaonyeshwa Chicago, miaka miwili na ushee baadaye. Na 1912 watoto wa shule wanatoa senti zao. Wakati huo mabaki ya Taoyateduta, Little Crow, kiongozi wa Wadakota kwenye ile vita, bado yalikuwa mikononi mwa chama cha historia cha jimbo, na yalikaa huko mpaka 1971 ndipo familia ikapewa ikazika. Mdakota wa kweli mifupa yake haina kaburi, Mdakota wa shairi anajengewa shaba. Simlaumu mtoto aliyetoa senti yake, ila ndo hivyo ilivyokuwa. Siku hizi karibu na maporomoko kuna kinyago cha shaba cha Little Crow, kazi ya Ed Archie NoiseCat. Wengi wanakipita, kiko kimya kimya.

Kuna mchongaji mwingine lazima nimtaje, maana huyu ni wetu kwa namna fulani. Edmonia Lewis, baba mweusi, mama Mwojibwe, aliyekwenda kuishi Roma 1866 akichonga marumaru enzi ambazo mwanamke mweusi kuchonga marumaru ilikuwa kama ndoto ya mchana. Naye alichukua shairi lile lile. Kazi yake ya mzee fundi wa mishale na binti yake iko makumbusho ya Smithsonian, Washington, ya 1872 ila umbo lake la kwanza alilifinyanga 1866. Mzee amekaa na mshale wake, binti amekaa anasuka mkeka, miguuni pao kulungu. Wote wawili wameinua macho. Hiawatha hayupo. Hayupo kabisa, hakumchonga! Kwa sababu Hiawatha amesimama pale uliposimama wewe mtazamaji, umeleta kulungu wako umemtua, na sasa binti anakuangalia wewe, hajajibu.

Mnaona tofauti? Shairi moja, Fjelde kachonga baada ya jibu, Lewis kachonga kabla ya jibu. Ni kweli uso wa binti kaufanya wa Kizungu, wachambuzi wameliona hilo na wana maelezo tofauti tofauti, na wala kulungu miguuni si uchumba wa Kidakota wa kweli, bado ni Longfellow yule yule. Lakini lile la kumwacha binti na macho yake na ukimya wake, hilo ni la Lewis, na mimi naona ni mtu aliyelelewa na upande wa mama yake ndo angefikiria hivyo. Hayo ya mwisho ni maoni yangu, msiyapeleke mahakamani.

Sasa kwa nini Fjelde, na wengine wa aina yake, hawakuchonga blanketi? Ndo swali langu kubwa la kisa hiki. Fikiria kama fundi. Watu wawili wamesimama, nguo moja imewazunguka kutoka kichwani mpaka kwenye vigimbi vya miguu, chini zinaonekana nyayo nne, juu vichwa viwili vimegusana. Ni nguzo. Haina mkono unaochomoza ukavunjika, imesimama yenyewe, mikunjo inashuka kama mito, nyuma mkanda wa shanga umekata katikati. Mchongaji gani asiitake? Na michoro ipo, wanaume wa mbugani walichora sana hicho kitu, kwanza kwenye ngozi kisha kwenye kurasa za madaftari ya hesabu ya wazungu kwa penseli za rangi, utakuta wawili ndani ya blanketi kama mwili mmoja wenye vichwa viwili, wakati mwingine na mwingine pembeni anasubiri zamu yake. Umbo limeshatengenezwa na wenyewe.

Jibu langu ni kwamba wachongaji wale walifundishwa Ulaya au na watu wa Ulaya, na Ulaya mwanamume kumbeba mwanamke ni pozi la karne nyingi, Giambologna na mwanamke wake wa Kisabini 1583, Bernini na Proserpina wake miaka ya 1620, na zile zote ni hadithi za kuteka wanawake. Fundi akitafuta "mapenzi yenye nguvu" mkono unaenda kwenye pozi hilo wenyewe. Tena pozi linaonyesha misuli, na misuli ndo ilikuwa mtihani wa fundi, sasa blanketi linaficha misuli yote unabaki na nini, kitambaa. Na la tatu, blanketi linamwacha binti akisimama kwa miguu yake. Anaweza kutoka. Mtu aliyebebwa hawezi kutoka. Kwa hadithi ambayo Marekani ya 1893 ilitaka kujisimulia kuhusu watu iliowanyang'anya ardhi, binti anayeweza kutoka hafai.

Nisije nikaonekana naonea wazungu tu, pale Mwenge Dar Wamakonde wanachonga Wamasai wembamba warefu siku nzima kwa sababu mtalii ndo anataka, na mimi nimenunua wawili.

Huko Dakota Kusini nako mambo ni hayo kwa namna nyingine. Mlimani Black Hills tangu 1948 wanachonga mlima mzima uwe Crazy Horse, kiongozi wa vita wa Walakota, kazi aliyoianza Korczak Ziolkowski kwa mwaliko wa mzee Henry Standing Bear, uso ulikamilika 1998 na mengine bado. Shujaa juu ya farasi, mkono umenyoosha. Wakati Crazy Horse ana kisa cha mapenzi cha kuandika mabuku: alimpenda Black Buffalo Woman, akaenda vitani, kurudi kakuta kaolewa na No Water, miaka ikapita, 1870 mwanamke akaondoka na Crazy Horse kwa hiari yake, mume akawafuata akampiga Crazy Horse risasi ya uso karibu na pua. Akapona ila akavuliwa cheo cha heshima alichokuwa nacho, maana kiongozi wa ngazi ile hakutakiwa kutanguliza mambo yake mwenyewe. Baadaye alioa mke anayeitwa Black Shawl. Kovu la usoni lilitokana na mapenzi, na uso ule ndo ukubwa wa mlima sasa hivi.

Na Chamberlain, kando ya mto Missouri, tangu 2016 kuna mwanamke wa chuma cha pua wa mita 15, anaitwa Dignity, kazi ya Dale Lamphere. Anashikilia nyuma yake blanketi la nyota, vipande 128 vya bluu vinavyotikisika upepo ukipita. Ni nzuri, nilisimamisha gari. Hapo angalau blanketi limefika. Na limefunguliwa, mikono imelitandaza kabisa, ila yuko peke yake. Nikajikuta natafuta mwingine wa kuingia.

Na kile kichwa cha ndege? Walakota sanamu yao ya uchumba walishaichonga kabla ya Fjelde hajazaliwa. Ni ile filimbi, fupi, inaingia kwenye mkunjo wa blanketi, mwerezi unaonukia, mwisho wake ndege kafungua mdomo, na haimwonyeshi mwanamume wala mwanamke, inapigwa tu gizani na mwenye kuisikia ndo anaamua anatoka nje au anajigeuza alale. Ilikaribia kufa. Karne iliyopita waliobaki wanaijua walihesabika, mzee Richard Fool Bull wa Sicangu, kundi mojawapo la Walakota, akiwa mmoja wa mafundi hao, na Kevin Locke wa Standing Rock akajifunza kwa wazee kama hao akaizungusha dunia nzima mpaka alipofariki 2022. Sasa hivi vijana wanachonga tena.

Nilimpigia Mama mdogo Tanga nikamweleza yote haya, kwa kirefu kuliko nilivyowaeleza nyie, simu ya saa nzima. Nikamwambia kwenye shairi binti aliulizwa, kwenye sanamu haionekani, na wenyewe hasa walikuwa wanasimama ndani ya blanketi nje kwao, bibi anaona, vijana wamepanga foleni na binti anachagua. Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekata.

"Foleni," akasema. "Na mwenye blanketi baya je, naye anasikilizwa?"

Nikamwambia nadhani naye alisikilizwa.

"Hapo sawa," akasema, halafu akaniuliza kama binamu yangu wameshapata zile picha.